Daftari la Karani wa Besiboli

Katika kurasa za michezo za magazeti ya Marekani hazipiti siku nyingi pasipo kuonekana tarakimu tatu zilizoungwa kwa vistari, 6-4-3, ambazo mtu asiyeujua mchezo wa besiboli huweza kuzidhania kuwa ni tarehe iliyofupishwa au mabao ya timu tatu zilizoshindana, kumbe ndani yake mna hadithi nzima: mpira uliopigwa chini ukaviringika katika nyasi, mlinzi wa sita akauinamia na kuuokota, akamtupia mlinzi wa nne ambaye alikuwa amekwisha kukikanyaga kituo cha pili, na huyo naye, huku akiruka kumkwepa mkimbiaji aliyemjia kwa kasi, akautupa kwa mlinzi wa tatu katika kituo cha kwanza kabla mguu wa mpigaji haujafika. Watu wawili wametolewa mchezoni kwa pigo moja, walinzi watatu wameshirikiana katika kuwatoa, na yote hayo, ambayo yamenidai sentensi ndefu kama hii, karani aliyekaa jukwaani na kalamu yake ya risasi ameyaweka katika nafasi isiyozidi ukucha wa kidole gumba.

Maandishi ya namna hiyo ndiyo ninayotaka kuyafasili katika makala haya, kwa kuwa nayaona kuwa miongoni mwa hesabu za haki kabisa ambazo wanadamu wamezibuni kwa ajili ya mchezo. Kandanda, tunayoipenda kwa mapenzi makubwa, hutuachia tarakimu mbili tu za mabao. Jina la mfungaji hutajwa, na siku hizi la aliyempa pasi ya mwisho, lakini beki aliyeuondoa mpira mstarini katika dakika ya themanini sifa yake huishi katika vinywa vya waliohudhuria, na wakiisha wao imekwisha nayo. Karani wa besiboli hakubali hasara hiyo. Kila mkono ulioupitisha mpira katika kumtoa mtu huandikwa, kwa mfuatano ule ule ulioupitisha, na mkono uliouponyosha huandikwa pia.

Ijapokuwa besiboli yenyewe ni ngeni kwa wengi wetu, ukoo wake si mgeni, kwani waliosoma katika shule za Kenya wanaijua raunda, mchezo wa kupiga mpira kwa kigongo na kuzunguka vituo, ambao una nasaba moja nayo. Kiwanja ni mraba uliosimamishwa juu ya pembe yake, na kwa umbo hilo Wamarekani wakauita almasi. Pembe ya chini ndiyo nyumbani, mahali asimamapo mpigaji na rungu lake. Upande wa kulia, umbali wa futi 90, ambazo ni kama mita 27 na nusu, ndipo kilipo kituo cha kwanza. Mbele kabisa, kikimkabili, ni kituo cha pili. Na upande wa kushoto ni kituo cha tatu. Katikati ya mraba, juu ya kichuguu cha udongo, husimama mrushaji. Mpigaji akiupiga mpira hukimbilia kituo cha kwanza, na akijaliwa kuvizunguka vituo vyote, kwa pigo lake mwenyewe au kwa mapigo ya wenzake wamfuatao, akarejea nyumbani salama, timu yake huandikiwa bao moja. Wapinzani tisa waliotawanyika kiwanjani wana kazi ya kumzuia: wakiudaka mpira wake kabla haujagusa ardhi, ametoka, wakiufikisha kituoni kabla yake, ametoka, na mirusho mitatu mizuri ikimpita bila ya kuipiga, au akiirushia rungu akaikosa, ametoka vile vile. Mrusho wa namna hiyo huitwa straiki. Wakiisha kutolewa watatu, timu hubadilishana, na zote mbili zikiisha kupata zamu ya kupiga, duru moja imetimia. Mchezo kamili una duru 9.

Walinzi hao tisa wamepewa kila mmoja tarakimu yake, nazo ni hizi. Mrushaji ni 1. Mdakaji, ambaye huchutama nyuma ya mpigaji akiwa amejifunika uso kwa barakoa ya vyuma na kifua kwa ngao, ni 2. Mlinzi wa kituo cha kwanza ni 3, wa kituo cha pili ni 4, wa kituo cha tatu ni 5. Baina ya kituo cha pili na cha tatu husimama mlinzi asiye na kituo, ambaye Wamarekani humwita shotistopu, nami nitaliacha jina hilo lilivyo; yeye ni 6. Kule nje, katika uwanda mpana wa nyasi, wamo watatu: wa kushoto ni 7, wa kati ni 8, wa kulia ni 9, na kushoto na kulia huhesabiwa kwa macho ya mtu aliyesimama nyumbani akikitazama kiwanja.

Msomaji makini atakuwa amekwisha kuuliza swali ambalo kila mwanafunzi wa mchezo huu huliuliza. Ikiwa hesabu inakizunguka kiwanja kutoka kituo cha kwanza kwenda cha pili, mtu anayefuata njiani ni shotistopu, kisha ndipo mlinzi wa kituo cha tatu. Mbona basi shotistopu asiwe 5? Jawabu linalokubaliwa na wengi limo katika taarikhi. Mnamo miaka ya 1849 na 1850 mpira uliotumika mjini New York ulikuwa mwepesi mno, hata mtu aliyekuwa mbali katika uwanda wa nje hakuweza kuutupa ukafika kwa mrushaji. Ndipo Daniel Adams, tabibu aliyekuwa mchezaji na kiongozi wa klabu ya Knickerbocker, alipojiweka baina ya walinzi wa nje na wa ndani, ili aupokee mpira kwa hao na kuupitisha kwa hawa. Alikuwa kama tarishi, hana kituo wala pahali maalumu pa kusimama. Mipira mizito zaidi ilipopatikana, ikawa yaweza kutupwa mbali, tarishi huyo akasogea ndani akaziba lile pengo ambalo mipira mingi hupita, na leo hapana mlinzi atarajiwaye wepesi zaidi yake. Walakini katika hesabu ameendelea kukaa nyuma ya wenye vituo. Tarakimu ya 6 ni kovu la taarikhi hiyo.

Inafaa hapa nimtahadharishe msomaji asizichanganye tarakimu hizi na zile zishonwazo migongoni mwa fulana, kwa maana hazina uhusiano. Klabu ya Yankees ya New York ilipowavalisha wachezaji wake namba katika mwaka wa 1929, iliwapa kwa mpango wa kupiga, na kwa kuwa Babe Ruth alikuwa wa tatu kupiga akapewa 3, na Lou Gehrig aliyemfuata akapewa 4, ilhali katika daftari la karani Gehrig, mlinzi wa kituo cha kwanza, ndiye aliyekuwa 3. Mickey Mantle alivaa 7 mgongoni maisha yake mengi ya mchezo, na karani alimwandika 8, kwa sababu alilinda uwanda wa kati. Fulana humfuata mtu. Tarakimu ya karani hufuata nafasi, na mtu akihamishwa kutoka kituo cha tatu kwenda uwanda wa kushoto katikati ya mchezo, tangu dakika hiyo yeye si 5 tena, ni 7.

Zaidi ya tarakimu ziko herufi, na katika kuzieleza hatuna budi kumtaja Henry Chadwick. Alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, akachukuliwa na wazazi wake kwenda Brooklyn angali mtoto, mwaka 1837, na alipokuwa mtu mzima akawa mwandishi wa habari za kriketi. Mwaka 1856, akitoka kwenye kriketi, alipita katika viwanja vya Elysian Fields huko Hoboken, ng'ambo ya mto wa Hudson, akasimama kuitazama besiboli ikichezwa kwa ustadi, na moyo wake ukatekwa tangu siku hiyo. Yeye alikuwa ametoka katika mchezo ambao makarani wake huandika kila mpira unaorushwa, basi akaona si haki kwamba mchezo huu mpya uandikwe kwa mabao peke yake. Akatengeneza katika magazeti jedwali la kumwonyesha kila mchezaji na matendo yake, akabuni ufupisho, akapigania kanuni kwa nusu karne, hata alipofariki mwaka 1908 hapakuwa na mtu aliyefanya zaidi yake katika kuipa besiboli kumbukumbu. Jina lake limo tangu 1938 katika Jumba la Mashuhuri huko Cooperstown.

Herufi yake inayojulikana kuliko zote ni K, alama ya mpigaji aliyetolewa kwa straiki tatu. Alihitaji S kwa mambo mengine, akachukua herufi ya mwisho ya neno la Kiingereza lenye maana ya kupigwa, ambalo humalizikia kwa K, kwa hoja kwamba ndiyo herufi inayokaa masikioni mtu alitamkapo. Baadaye makarani wakaona K moja haitoshi, maana kuna tofauti baina ya mtu aliyelirusha rungu lake kwa nguvu zake zote akakosa, na mtu aliyesimama akiutazama mpira unampita mpaka mwamuzi akaukubali kuwa mzuri. Wa kwanza huandikiwa K ya kawaida. Wa pili huandikiwa K iliyogeuzwa, mgongo wake upande wa kulia, kana kwamba yatazamwa katika kioo. Napenda sana uamuzi huo. Katika jumla ya mwisho watu hao wawili ni sawa, kila mmoja ametoka, lakini aliyejaribu na aliyeduwaa hawakufanya jambo moja, na karani hakutaka kuwafanya sawa. Watazamaji wameichukua alama hiyo wakaifanya yao: katika uwanja wa Shea mjini New York, kuanzia 1984, mashabiki wa mrushaji kijana Dwight Gooden walikuwa wakitundika ukutani kibao cha K kila alipomtoa mtu, na aliyetolewa akitazama hutundikiwa kibao kilichogeuzwa.

Herufi nyingine hazihitaji maelezo marefu. BB ni mpigaji aliyepewa kituo cha kwanza bure kwa sababu mrushaji amerusha mirusho minne mibaya. HR ni pigo la kuuvusha mpira uzio na kumrudisha mpigaji nyumbani pasipo haraka. SB ni kituo kilichoibwa, yaani mkimbiaji ameondoka bila ya kungoja pigo la mwenzake. E ni kosa. Mpira uliodakwa hewani makarani wengine huuandika F8, wengine 8 tu, na khati za makarani hutofautiana katika mambo madogo kama hayo, wala hapana anayekatazwa mtindo wake maadamu yeye mwenyewe anaweza kusoma alichoandika. Huko Japani, ambako besiboli imestawi kwa zaidi ya karne, daftari zafuata mitindo miwili yenye majina ya vyuo vikuu viwili vya Tokyo, Waseda na Keio. Lakini hata huko 1 ni mrushaji na 6 ni shotistopu.

Ili nifahamu vizuri nilichukua daftari la hesabu la mtoto wa shule, lenye kurasa za miraba, nikalilaza ubavu, nikachora karatasi ya karani kwa mkono wangu, nami namshauri msomaji afanye vivyo hivyo. Upande wa kushoto huandikwa majina tisa kwa mpango wa kupiga, jina chini ya jina, na mbele ya kila jina tarakimu ya nafasi yake. Juu huandikwa 1 hadi 9, ambazo safari hii ni duru. Kila makutano ya jina na duru hupata chumba kimoja, na ndani ya chumba huchorwa almasi ndogo kwa penseli hafifu. Mpigaji akifika kituo cha kwanza, hukazwa kwa penseli ule mstari wa kulia unaopanda kutoka pembe ya chini. Akisogea kituo cha pili, hukazwa mstari unaofuata. Na kando ya kila mstari huandikwa kwa herufi ndogo sababu iliyomsogeza. Akifika nyumbani, pembe nne zimeungana, nawe huijaza almasi yote nyeusi. Akitolewa, huandikwa tarakimu za waliomtoa, na katika kona ya chumba, ndani ya duara, 1 au 2 au 3, kuonyesha kwamba yeye ni wa ngapi kutolewa katika duru hiyo. Baada ya wa tatu, mstari wa mshazari hukatwa kwenye pembe ya chumba, na duru imefungwa. Karatasi ikijaa, mtu huweza kuishika mbali na macho yake na kuuona mchezo: vyumba vyenye giza vimejikusanya mahali mrushaji aliposhindwa, na weupe umetanda pale alipotawala.

Turejee sasa kwa 6-4-3, ambayo ni ibara mashuhuri kupita zote. Katika mwongo wa kwanza wa karne ya ishirini timu ya Chicago Cubs ilikuwa na Joe Tinker katika nafasi ya 6, Johnny Evers katika 4 na Frank Chance katika 3, na mwaka 1910 mwandishi wa New York, Franklin Pierce Adams, aliyekuwa akiumizwa na ushindi wao juu ya timu yake, alitunga shairi fupi juu ya majina hayo matatu yanavyofuatana, likaenea nchi nzima. Wote watatu waliingizwa Cooperstown pamoja mwaka 1946. Mshairi alitumia majina. Karani alikuwa ameandika jambo lile lile kwa tarakimu tatu, na mtu aliyejua nani yupo wapi hakuhitaji zaidi. Mpira ukianzia kwa Evers ni 4-6-3; ukianzia kituo cha tatu ni 5-4-3; na ukirudi kwa mrushaji mwenyewe, akaanza yeye, ni 1-6-3.

Hutokea pia, kwa nadra kubwa, kwamba tarakimu moja ifanye kazi ya zote. Tarehe 10 Oktoba 1920, katika mchezo wa tano wa fainali baina ya Cleveland na Brooklyn, duru ya tano, Brooklyn walikuwa na watu katika kituo cha kwanza na cha pili, nao wakakimbia mara mpira ulipopigwa. Bill Wambsganss, mlinzi wa kituo cha pili wa Cleveland, aliruka akaudaka hewani, na mpigaji Clarence Mitchell akawa ametoka. Akakikanyaga kituo cha pili, na Pete Kilduff aliyekiacha akawa ametoka. Akageuka, akamwona Otto Miller amesimama mbele yake kwa butwaa, akamgusa kwa mpira. Watatu wametoka, na katika daftari hapana ila 4, wala hapana aliyemsaidia.

Katika hesabu hizi kuna stahili za namna mbili, na hapa ndipo ninapoiona insafu ya kanuni. Ibara ya 6-3 humpa mlinzi wa 3, aliyeupokea mpira kituoni, sifa ya kumtoa mtu, na humpa mlinzi wa 6, aliyeuokota na kuutupa, sifa ya msaada. Zote mbili hujumlishwa mwisho wa mwaka na kuchapishwa. Hata K ina mtu asiyeonekana ndani yake, kwa kuwa mpigaji akitolewa kwa straiki tatu, sifa ya kumtoa huandikwa kwa mdakaji, yule 2 aliyechutama na kuupokea mpira, ijapokuwa tarakimu yake haikuandikwa chumbani.

E nayo si alama ya kudhalilisha. Mwamuzi wa jambo hilo katika ligi kuu ni karani rasmi, ambaye hukaa pamoja na waandishi wa habari, na kazi yake ni kujiuliza kama mlinzi wa kawaida, kwa juhudi ya kawaida, angeliweza kuucheza mpira ule. Akiona angeliweza, huandika E na tarakimu ya aliyekosea, mathalani E6. Akiona asingeliweza, mpigaji hupewa pigo lake halali. Uamuzi huo hauongezi wala haupunguzi bao hata moja ubaoni, lakini bao linalopatikana kwa sababu ya kosa la mlinzi halihesabiwi katika deni la mrushaji, maana mrushaji alikwisha kutimiza wajibu wake, na aliyeponyosha mpira ni mwingine. Mtu mmoja habebeshwi taksiri ya mwenziwe. Katika sehemu nyingi za maisha, makazini na hata majumbani, tungefurahi kuwa na karani wa namna hiyo.

Uaminifu wa karani ndio roho ya daftari. Phil Rizzuto, aliyekuwa shotistopu wa Yankees na baadaye mtangazaji wao wa miaka mingi, alikuwa na alama yake mwenyewe, WW, ambayo maana yake ni kwamba hakuwa akitazama. Wengi husimulia habari hiyo kwa kucheka, lakini mimi naiheshimu: katika chumba ambacho angeweza kubuni tarakimu mbili na asijulikane, aliandika kwamba hakuona.

Tena daftari lina mizani yake, kama daftari la mfanyabiashara lilivyo na pande mbili. Kanuni yasema kwamba idadi ya watu wote waliokwenda kupiga katika timu moja sharti iwe sawa na jumla ya mabao yao, na watu wao walioachwa vituoni duru zilipofungwa, na waliotolewa na wapinzani. Mtu hana njia ya nne: akienda kupiga, ama amerudi nyumbani, ama ameachwa njiani, ama ametolewa. Pande mbili zisipolingana, karani ajue kwamba kuna chumba alichokosea, naye hana budi kurudi nyuma chumba kwa chumba mpaka akione.

Mizani hiyo haijapata kuwa nyepesi kuisoma kama ilivyokuwa mchana wa tarehe 8 Oktoba 1956, katika uwanja wa Yankee mjini New York, mbele ya watu 64,519, katika mchezo wa tano wa fainali baina ya Yankees na Brooklyn Dodgers. Mrushaji wa Yankees alikuwa Don Larsen, mtu ambaye miaka miwili tu nyuma, akiwa na timu ya Baltimore, alishindwa michezo 21 katika msimu mmoja. Chukua karatasi ya Brooklyn ya siku hiyo. Duru ya pili, chumba cha Jackie Robinson, pana 5-6-3, na sasa msomaji anaweza kuuona mwenyewe mpira ule: Robinson aliupiga kwa nguvu kuelekea kwa mlinzi wa kituo cha tatu, Andy Carey, ukamgonga mkononi na kuruka pembeni, shotistopu Gil McDougald akaupata, akamtupia Joe Collins katika kituo cha kwanza, na Robinson akatolewa kwa hatua ndogo. Ingekuwa 5-3 tungejua kwamba ulikuwa mpira mwepesi. Ile 6 iliyoingia katikati ndiyo inayotusimulia jinsi mambo yalivyokuwa karibu kuharibika. Duru ya tano, chumba cha Gil Hodges, pana 8: ni Mantle, aliyekimbia mbali kuelekea kushoto akaunyoshea mpira mkono na kuudaka. Tarakimu ya 8 haisemi alikimbia hatua ngapi, na huo ndio mpaka wa khati hii. Pengine ndiyo sababu makarani wengi hutia kinyota kando ya tendo lililowashangaza.

Endelea na duru ya tisa. Carl Furillo, 9, mpira umedakwa katika uwanda wa kulia. Roy Campanella, 4-3, mpira wa chini kwa Billy Martin na kutupwa kituo cha kwanza. Akaingia Dale Mitchell, aliyeletwa kupiga mahali pa mrushaji wa Brooklyn, na chumba chake kina K iliyogeuzwa, kwa kuwa mrusho wa 97 wa Larsen ulimpita na rungu lake halikuukata. Watu 27 walikwenda kupiga. Mabao 0, walioachwa vituoni 0, waliotolewa 27. Katika karatasi nzima hapana hata mstari mmoja wa almasi uliokazwa. Hakuna mrushaji mwingine aliyeyafanya hayo katika fainali hizo, kabla yake wala baada yake.

Karatasi kama hizo, zilizoandikwa na waandishi wa habari na watangazaji na watazamaji wa kawaida, zilikaa katika makasha na madari kwa miongo mingi, mpaka mwaka 1989 David Smith, mwalimu wa baiolojia katika chuo kikuu cha Delaware, alipoanzisha jumuiya ya Retrosheet ya kuzikusanya na kuzinakili, tendo kwa tendo, katika kompyuta. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu moja kubwa: mtu wa leo anaweza kuisoma karatasi ya mtu aliyekufa zamani na kuelewa kila chumba, kwa kuwa 6 ya wakati ule ndiyo 6 ya leo.

Kwetu Afrika ya Mashariki mchezo huu umekwisha kutia mguu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya ligi ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, na Dar es Salaam, kwa msaada wa Wajapani, umejengwa uwanja wa besiboli katika shule ya sekondari ya Azania. Msomaji aliye karibu na viwanja hivyo, siku atakaposikia kwamba pana mchezo, na aende na daftari la miraba, penseli na kifutio, akae upande wa nyuma ya nyumbani ambako kiwanja chote huonekana, aandike majina tisa na tarakimu zake kabla ya mrusho wa kwanza. Na mchezo ukiisha asiitupe karatasi ile, aiandike tarehe na majina ya timu, aiweke.